Sura ya 6: Kifungu Kimoja, Mikono Miwili

Mara nne kwa mwaka, mwezi Februari, Mei, Agosti na Novemba, jeshi la Marekani hutoa upya vifungu vyake vya ujenzi. Mkusanyiko huo unaitwa UFGS, na ndio unaotumiwa na wahandisi wa nchi kavu, wa majini, wa anga na wa NASA kila wanapojenga bohari, karakana au hospitali. Yeyote anaweza kuupakua bila malipo. Sasa mchukue mhandisi aliyepakua sehemu ya zege mwezi Machi, akakaa nayo wiki kadhaa akiifanyia marekebisho ya mradi wake. Ikifika Mei, ana matini mbili mkononi na zote zina haki. Moja ni ya mchapishaji, yenye viwango vipya. Nyingine ni yake, yenye mambo aliyoyajua kuhusu udongo wa pale, hali ya hewa na mahitaji ya mteja. Akichukua mpya anapoteza kazi yake. Akibaki na yake anajenga kwa viwango vilivyopitwa.

Kwa msomaji asiyeifahamu fani hii, spesifikesheni ni ule mzigo wa kurasa unaofuatana na michoro na BOQ. Mchoro unasema ukuta uko wapi na una upana gani. BOQ inasema kiasi gani kitahitajika. Spesifikesheni inasema kitu hicho kiwe cha ubora gani, kithibitishwe kwa jaribio lipi, kifungwe vipi na nani akikague. Mkandarasi na mshauri wakikosana, kurasa hizi ndizo zinazofunguliwa. Neno moja lililosahauliwa humo linaweza kumgharimu mtu kuvunja zege lililokwisha kukauka.

Hakuna ofisi inayoweza kufuatilia peke yake kila kiwango kinachobadilika duniani. Ndiyo maana chama cha wasanifu wa Marekani kilianzisha MasterSpec mwaka 1969, na Uingereza ikafuata na NBS mwaka 1973. Utaratibu wao unafanana: mchapishaji anaajiri watu wa kusoma viwango mwaka mzima, anaandika matini mama, na ofisi zinajiandikisha kwa ada. Kila ofisi huchukua matini hiyo, ikafuta isiyoihusu na kuongeza ya kwake. Tangu siku hiyo kifungu kimoja kina mikono miwili juu yake, na mikono hiyo haionani.

Wapo wanaolimaliza tatizo kwa kukataa masasisho. Wanachukua spesifikesheni ya mradi uliopita, wanabadilisha jina la mteja, wanaitoa kwenye zabuni. Tabia hii ninaielewa, kwa sababu ile ya zamani angalau imeshajengewa jengo likasimama. Lakini iangalie nondo. Kiwango cha Uingereza BS 4449 cha mwaka 1997 kilikuwa na daraja la 460; toleo la 2005 liliondoa daraja hilo na kuweka la 500. BS 8110, kilichotumika miaka mingi kukokotolea majengo ya zege katika nchi zetu, shirika la viwango la Uingereza, BSI, lilikiondoa mwaka 2010 kikapisha kiwango cha Ulaya, Eurocode 2. Mhandisi akikokotoa kwa 500 huku kurasa alizorithi bado zikisema 460, mkandarasi ana haki ya kuleta nondo zenye nguvu pungufu kwa asilimia 8 kuliko hesabu zilivyotaka, na karatasi itamtetea. Vivyo hivyo kwenye saruji. Bado utakuta vifungu vinavyodai saruji ya kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 12, wakati mifuko iliyopangwa dukani imeandikwa CEM II au CEM IV kwa kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 18-1. Kifungu cha namna hiyo hakimsaidii mtu yeyote saiti. Msimamizi hawezi kukitekeleza, kwa hiyo analazimika kuamua mwenyewe, na spesifikesheni imeandikwa hasa ili asilazimike.

Kuna masasisho mengine ambayo kuyakosa ni suala la uhai. Jengo la Grenfell Tower la London liliungua tarehe 14 Juni 2017 na watu 72 wakafa. Moto ulipanda kwa nje, kupitia paneli na vihami joto vilivyofunika kuta. Tarehe 21 Desemba 2018 sheria mpya ilianza kutumika Uingereza: katika kuta za nje za majengo ya makazi yenye ghorofa iliyo mita 18 au zaidi juu ya ardhi, vitu vinavyowaka vimepigwa marufuku, na kinachoruhusiwa kwa jumla ni cha daraja la A1 au A2-s1, d0. Ofisi iliyokuwa na kifungu chake kizuri cha kuta, iliyokipenda na kukilinda, ililazimika siku ile kukifungua upya. Kumkinga mtu na sasisho kama hilo eti ili marekebisho yake yasiguswe kungekuwa kumtendea ubaya.

Kwa hiyo masasisho lazima yaingie. Swali ni jinsi ya kuyaingiza.

Tuanze na anwani, kwa sababu hapo ndipo marekebisho mengi hupotea bila mtu kujua. Mwaka 2004 mfumo wa Marekani wa kupanga vitabu vya spesifikesheni, MasterFormat, ulipanuliwa kutoka migawanyo 16 hadi 50. Namba za tarakimu tano zikawa za tarakimu sita: zege la kumwagwa saiti lililokuwa 03300 likawa 03 30 00. Hilo lilikuwa jepesi. Kazi ilikuwa kwenye mgawanyo wa 15, uliobeba mabomba, viyoyozi na mifumo ya kuzimia moto kwa pamoja; huo ulipasuliwa ukawa 21, 22 na 23. Wa 16, wa umeme, ukasambaa kwenye 26, 27 na 28. Ofisi iliyokuwa imeandika marekebisho yake kwa kufuata namba, mfano "katika sehemu ya 15 fulani, badilisha aya ya tatu", ilibaki na maagizo yanayoelekeza kwenye nyumba iliyohamwa.

Wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamekutana na jambo hilohilo kwa mlango mwingine, kwenye mikataba ya ujenzi ya kimataifa ya FIDIC. Masharti ya jumla hayaguswi. Kila badiliko linaandikwa kando, kwenye masharti mahususi, kwa kutaja namba ya kifungu. Ni mpango mzuri kweli, nami nitaurudia hapa chini. Lakini katika toleo la 1999 kifungu cha 18 ni cha bima na cha 19 ni cha majanga yasiyozuilika. Katika toleo la 2017 viwili hivyo vimebadilishana nafasi: 18 ni matukio ya kipekee, 19 ni bima. Mtu akichukua masharti mahususi aliyoyazoea, yenye kima cha bima chini ya 18, akayaweka juu ya toleo jipya bila kuyasoma, atakuwa amepachika mambo ya bima kwenye kifungu cha vita na matetemeko. Hakuna neno lake hata moja lililofutwa. Yote yapo, ila yamekaa pasipo pake.

Somo la kiufundi ni kwamba aya ijulikane kwa utambulisho wake, si kwa mahali ilipokaa. Programu zilizojengwa juu ya hifadhidata hufanya hivyo: kila aya ina namba ya siri isiyobadilika hata aya ikihamishwa, ikipewa herufi nyingine au ikiingizwa mgawanyo mpya. Marekebisho yako yanaishikilia namba ile. Programu zinazofanya kazi juu ya faili za kawaida za Word hazina utambulisho huo. Zinalinganisha maneno kwa maneno, na aya ikihamishwa huiona kama aya iliyofutwa huku na nyingine iliyozaliwa kule. Unaponunua programu ya kazi hii, muulize muuzaji hivi: nikirekebisha aya hii leo, kisha mchapishaji akaihamishia sehemu nyingine, marekebisho yangu yatakuwa wapi? Mtake akuonyeshe kwenye skrini. Asikusimulie.

Baada ya anwani linakuja suala la ulinganishi wenyewe. Watu wengi wanaposikia "linganisha" wanafikiri matini mbili, yangu na mpya. Mbili hazitoshi. Ukiona tofauti kati ya yangu na mpya, huwezi kujua kama ni mimi niliyebadilisha au ni mchapishaji. Unahitaji ya tatu, ile ya zamani ambayo sote wawili tulianzia. Waandishi wa programu za kompyuta waliligundua hili mapema. Katika mfumo wa kompyuta wa Unix kulikuwa na diff, iliyolinganisha faili mbili, na Hunt na McIlroy wakaeleza hesabu zake katika ripoti ya Bell Labs ya mwaka 1976. Kisha ikaja diff3, inayopokea faili tatu. Kanuni yake ni fupi. Palipobadilishwa na mchapishaji pekee, chukua ya mchapishaji. Palipobadilishwa na mimi pekee, baki na yangu. Palipobadilishwa na wote wawili, simama uniulize.

Kwa hiyo kosa la kwanza la ofisi ni kufuta toleo la zamani la matini mama mara jipya linapofika. Linaonekana halina kazi tena, nalo linajaza diski. Lakini likishatupwa hakuna programu itakayoweza kutenganisha mikono miwili. Kila mradi uhifadhiwe pamoja na toleo la matini mama lililouzaa, lenye tarehe yake. Faili hizo ni ndogo.

Tuitazame kanuni hiyo kwenye kifungu kimoja cha saruji, kwa utaratibu wa Marekani, wenye viwango vya ASTM. Tuseme matini mama ya zamani inasema: "Saruji: ASTM C150, Aina ya I au ya II." Mradi wetu uko kwenye udongo wenye salfeti, chumvi inayokula zege taratibu kuanzia kwenye msingi. Aina ya II hustahimili salfeti ya wastani. Aina ya I haina sifa hiyo. Kwa hiyo tumerekebisha: "Saruji: ASTM C150, Aina moja pekee, ya II."

Wakati huohuo soko linageuka. Ili kupunguza hewa ya ukaa, viwanda vingi vya Marekani tangu mwaka 2021 hivi vimeacha saruji ya C150 na kuhamia ile ya C595 Aina ya IL, inayosagwa pamoja na mawe ya chokaa kuanzia asilimia 5 hadi 15. Aina hii ilikuwa kwenye kiwango tangu 2012, lakini vitabu vingi vya spesifikesheni havikuitaja, na mkandarasi alijikuta anadaiwa saruji ambayo kiwanda cha jirani hakiitengenezi tena. Mchapishaji akaona, akasasisha: "Saruji: ASTM C150, Aina ya I au ya II, au ASTM C595, Aina ya IL."

Programu inayolinganisha neno kwa neno itafanya nini? Itaona kwamba sisi tumegusa katikati ya sentensi na mchapishaji amegusa mwisho. Hawajagongana. Itaunganisha kimyakimya: "Saruji: ASTM C150, Aina moja pekee, ya II, au ASTM C595, Aina ya IL." Isome tena. Kiswahili chake ni safi, kila neno letu lipo na kila neno la mchapishaji lipo. Na mlango umefunguliwa kwa saruji ya IL ya kawaida, isiyo na ahadi yoyote ya kustahimili salfeti, kuingia kwenye msingi uleule tuliotaka kuulinda. Kifungu sahihi kilipaswa kutaja IL(MS), ambapo herufi hizo mbili ndizo alama ya ustahimilivu wa wastani wa salfeti. Herufi hizo hazikuwa katika matini yoyote kati ya tatu. Mashine isingeweza kuzipata popote.

Programu inayolinganisha aya kwa aya ingeona kwamba aya ileile imeguswa na wote wawili, ingesimama, ingeuliza. Ndiyo maana nasimama upande wa ulinganishi wa aya katika fani hii, ingawa unachosha. Wauzaji hupenda kutangaza kwamba programu yao inauliza maswali machache. Kwa kazi ya barua au ripoti hiyo ni sifa. Kwa kifungu cha saruji, swali lililookolewa ni uamuzi ambao hakuna aliyeufanya.

Lakini tazama pia kilichotuwezesha kujibu. Tulijua ni kwa nini "pekee" iliandikwa. Mtu mwingine, miaka miwili baadaye, angeona neno hilo tupu. Angedhani ni kasumba ya mwandishi, au kwamba mteja alikuwa na rafiki mwenye kiwanda, akalifuta kwa nia njema kabisa. Naamini hasara kubwa katika kazi hii huanzia hapa. Marekebisho hayapotei kwa sababu kompyuta imeyafuta; yanapotea kwa sababu yalihifadhiwa bila sababu yake, na binadamu aliyefuata hakuona haja ya kuyatunza.

UFGS inatupa mfano mzuri wa kuiga. Ndani ya matini yake mna maelezo kwa mwandishi, yaliyozungushiwa nyota, yanayosema lini uchague hiki na lini ukifute kile. Programu ya SpecsIntact, iliyozaliwa NASA na inayotumika kuhariri vifungu hivyo, huyaficha maelezo hayo wakati wa kuchapa, kwa hiyo mkandarasi hayaoni. Mchapishaji anajua kwamba kifungu bila maelezo kitatumiwa vibaya. Basi ofisi nayo iandike maelezo yake palepale, kwa namna ileile: "Aina ya I imeondolewa kwa sababu ripoti ya udongo imeonyesha salfeti. Saruji yoyote itakayoongezwa hapa lazima iwe na alama ya MS au zaidi." Mistari miwili. Sasisho likija, anayesoma ana cha kusimamia.

SpecsIntact ina jambo jingine ninalolipenda. Kila neno linalofutwa kutoka kwenye matini mama linaweza kubaki na alama ya kufutwa, na kila linaloongezwa likawa na alama ya kuongezwa, ili mkaguzi aone mradi huu umetofautiana na matini mama wapi hasa. Ofisi nyingi zinazotumia Word zina zana inayofanana, ile ya kufuatilia mabadiliko, lakini kabla ya kufunga faili mtu hubonyeza "kubali yote" ili ukurasa uonekane msafi. Usafi huo unafuta ushahidi. Toa nakala safi kwa ajili ya zabuni, sawa, na nakala yenye alama ibaki ofisini.

Sasa nirudi kwenye mpango wa FIDIC. Ubora wake ni tabaka. Usiandike ndani ya matini ya mwenzako. Andika yako juu yake, pembeni. Ofisi inayotunza spesifikesheni vizuri huwa na tabaka tatu. Chini kabisa iko matini mama ya mchapishaji, isiyoguswa na mtu. Juu yake iko matini ya ofisi, yenye mambo yanayorudi katika kila mradi: rangi zilizowaangusha, aina ya vitasa wasivyovitaka tena, muda wa kumwagilia zege maji kwenye joto la pwani. Juu kabisa uko mradi wenyewe. Sasisho likija linaingia kwenye matini ya ofisi kwanza, mara moja, kwa mtu mmoja anayeijua. Miradi mipya inarithi kutoka hapo. Pasipo tabaka la kati, watu wanane wenye miradi minane watajibu swali lilelile la saruji kwa namna nane.

Ugumu uko kwenye kupanga nini kikae wapi, na hapa ofisi hukosea sana. Kifungu kikiandikwa kwa ajili ya mradi mmoja wenye udongo mbaya, kikavutia, mtu anakipandisha kwenye matini ya ofisi "kwa usalama". Baada ya miaka michache matini ya ofisi inadai saruji maalumu kwa kila jengo, hata lililo juu ya mwamba, na wateja wanailipia. Kinachostahili kupanda ni kile tu ambacho sababu yake haikutaja mahali fulani. Yale maelezo ya mistari miwili yanasaidia na hapa: ukiona sababu inataja ripoti ya udongo ya kiwanja fulani, kifungu kibaki kwenye mradi.

Bado kuna migongano ambayo ulinganishi wa aya hauwezi kuinasa, kwa kuwa iko katika aya mbili tofauti. Sehemu ya kawaida ya spesifikesheni ya Marekani ina mafungu matatu: mambo ya jumla, bidhaa, na utekelezaji. Wewe unafuta bidhaa katika fungu la pili. Mchapishaji anaongeza jaribio la bidhaa hiyohiyo katika fungu la tatu, na cheti chake katika la kwanza. Hakuna aya iliyoguswa na wote. Sasisho linaingia bila swali, na mkandarasi anadaiwa cheti cha kitu ambacho hakimo kwenye jengo. Hapa SpecsIntact husaidia kwa ripoti zake: inaorodhesha vyeti na sampuli vilivyotajwa sehemu moja visivyo na mwenzake kwingine, viwango vilivyorejewa ambavyo havimo kwenye orodha kuu, na mabano ya mraba ambayo mwandishi aliacha bila kuchagua. Ripoti hizo zitolewe baada ya kila sasisho, kisha zisomwe na mtu aliyechora jengo. Mchapaji hawezi kujua kwamba pampu ile iliondolewa kwenye kikao cha Jumanne.

Halafu inafika siku ya kufunga mlango. Zabuni ikishatangazwa, matini iliyotoka ndiyo ahadi, na sasisho la mchapishaji halina tena ruhusa ya kuingia lenyewe, hata liwe zuri namna gani. Programu nyingi zina njia ya kuugandisha mradi; itumike siku hiyohiyo, kabla mtu hajafungua faili asubuhi iliyofuata na kukubali vifungu vipya ambavyo wazabuni hawajaviona. Katika mikataba ya FIDIC kuna tarehe ya msingi, siku 28 kabla ya siku ya mwisho ya kupokea zabuni, inayotumika kupima sheria iliyobadilika baadaye ni hatari ya nani. Ni tarehe nzuri ya kusomea masasisho kwa mara ya mwisho. Likitokea badiliko la lazima baada ya hapo, kama kiwango kilichoondolewa au bidhaa iliyopigwa marufuku, lipelekwe kwa nyongeza ya zabuni yenye namba na tarehe, itumwe kwa wazabuni wote kwa pamoja, na aya iliyobadilika inukuliwe nzima, ya zamani juu na mpya chini yake.